Uzi: Biolojia ya mwaka wa kwanza chuoni, kinachotarajiwa na namna ya kuisoma (kwa wanaokuja Mbeya na Iringa)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Vyuo vinakaribia kufunguliwa, na vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wakiwa na PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia) wanajiandaa kupanda mabasi kuja huku Nyanda za Juu Kusini, wengine wakielekea Mkwawa pale Iringa kusomea ualimu wa sayansi, wengine Mbeya kwenye fani za afya na za maabara. Ninasimamia semina na maabara za biolojia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha ukanda huu. Ninaandika uzi huu kwa sababu maswali ninayoulizwa kila mwaka ni yaleyale, na majibu yake kwa kawaida huwafikia wanaoyahitaji baada ya matokeo ya jaribio la kwanza kubandikwa ubaoni, wakati ambapo sehemu ya alama za muhula imekwisha kupotea.

Nianze na lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Wengi wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio kwa waliofeli, katika somo hili si wavivu. Wanasoma, na baadhi yao wanakesha. Tatizo ni kwamba wanasoma kwa macho: wanalifungua desa (nakala ya nukuu za kozi inayopitishwa mkono kwa mkono), wanalipitia mara ya pili na ya tatu, wanapiga mistari ya rangi, na kwa kuwa kila sentensi sasa inaonekana ya kawaida wanaamini kwamba wameielewa. Siku ya mtihani karatasi inawataka watoe kichwani kitu ambacho kwa muhula mzima hawakuwahi hata mara moja kujaribu kukitoa. Yote nitakayoyasema hapa chini, kuhusu saa, maabara na vikundi, yanarudi kwenye jambo hilohilo.

Kwanza, hesabu ya muda. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na kazi hiyo inajumlisha ya darasani na ya nje ya darasa. Kozi ya krediti 12 kwa hiyo ni saa 120, na ukizigawa kwa majuma 15 ya masomo unapata saa 8 kila juma. Tuseme ratiba inakupa saa mbili za mhadhara na saa mbili za maabara: zinabaki saa nne ambazo hakuna kengele itakayokuita, hakuna mwalimu wa zamu, na hakuna atakayeuliza ulikuwa wapi. Muhula wa krediti 60 ni wastani wa saa 40 kwa juma, yaani sawa na ajira ya mtu mzima. Mwanafunzi aliyetoka shule ya bweni, ambako prepo ililazimishwa, anaiona ratiba yenye nafasi nyingi tupu na kudhani kwamba chuo ni chepesi. Zile nafasi tupu ndiyo kozi yenyewe.

Pili, kile ulichokuja nacho kutoka kidato cha sita. Kitakusaidia, ila kwa masharti. Majuma mawili au matatu ya mwanzo utasikia maneno unayoyajua, seli, utando, kimeng'enya, kromosomu, na utashawishika kukaa nyuma ya ukumbi ukichezea simu kwa kuwa "haya tulishasoma". Huko ndiko wenye daraja la kwanza wanakopotelea. Mada ni ileile lakini swali limebadilika. Wengi wenu mmekariri kwamba molekuli moja ya glukosi ikivunjwa kwa oksijeni hutoa ATP 38, yaani molekuli 38 zinazobeba nishati ya seli. Vitabu vya sasa vya chuo vinataja takribani 30 hadi 32, na mhadhiri hatakuuliza namba hiyo ni ngapi. Atakuuliza kwa nini imeshuka, na utapaswa kueleza kwamba elektroni zinazobebwa na NADH (yeye na FADH2 ni molekuli zinazobeba elektroni ndani ya seli) huzalisha karibu ATP 2.5 badala ya 3, zile za FADH2 karibu 1.5 badala ya 2, na kwamba sehemu ya nguvu iliyojengeka kwenye utando wa mitokondria hutumika kusafirisha vitu kuingia na kutoka. Aliyekariri namba hana pa kuanzia.

Uainishaji wa viumbe ni mfano mwingine, na kwa kuwa tuko huku kusini nitautolea ushahidi wa nyumbani. Mpangilio wa falme tano mliousoma ulipendekezwa na Robert Whittaker mwaka 1969. Chuoni mtaanzia kwenye domeni tatu, bakteria, akea na yukariota, ambazo Carl Woese na wenzake walizipendekeza mwaka 1990 baada ya kulinganisha molekuli za ndani ya seli badala ya maumbo ya nje. Sasa tazameni kipunji. Tumbili huyu alitambuliwa na wanasayansi kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003, akaonekana tena mwaka uliofuata kwenye misitu ya Udzungwa, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na jina ni la kwao. Alipotangazwa rasmi mwaka 2005 aliwekwa kwenye jenasi ya Lophocebus kwa kuwa sura na maisha yake ya juu ya miti vilifanana nayo. Mwaka 2006 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani, basi akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Swali zuri la mwaka wa kwanza ni hili: ni ushahidi gani uliomhamisha, na kwa nini ule wa awali haukutosha? Ukiweza kulijibu kwa aya mbili bila kutazama popote, umeielewa mada ya uainishaji kuliko yule anayetaja ngazi zote saba kwa mpangilio bila kukosea.

Tatu, namna yenyewe ya kusoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha majaribio ambayo naona kila mwanafunzi angepaswa kuyajua. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi cha maelezo. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya juma moja hali iligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na walioandika kwa kukumbuka asilimia 56. Hapo ndipo unapouona mtego. Usiku uleule unaposoma desa mara tatu, kweli unajisikia umeiva, na kwa dakika hizo umeiva. Mtihani haufanyiki usiku ule.

Niwape zoezi moja ambalo ninalisimamia kwenye semina, kwa sababu meiosisi, mgawanyiko wa seli unaozaa mbegu na mayai, ndiyo mada inayoangusha watu wengi bila sababu. Baada ya mhadhara, siku hiyohiyo, funga kila kitu. Chukua karatasi tupu na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Chora seli yenye kromosomu nne: mbili ndefu, moja ya bluu na moja nyekundu, na mbili fupi, vivyo hivyo. Bluu ni zilizotoka kwa baba, nyekundu ni za mama. Zipitishe hatua kwa hatua mpaka mwisho, na katika kila hatua andika pembeni namba mbili: kromosomu ngapi, kromatidi (nyuzi pacha za kromosomu iliyonakiliwa) ngapi. Zinapopangana katikati kwenye mgawanyiko wa kwanza unapaswa kuwa na kromosomu 4 na kromatidi 8. Mgawanyiko wa kwanza ukikamilika, kila seli ina kromosomu 2 zenye kromatidi 4 kwa jumla. Wa pili ukikamilika, kila seli ina kromosomu 2, kila moja ikiwa peke yake. Utakwama. Pale ulipokwama weka alama, kisha fungua daftari uangalie sehemu hiyo tu, ufunge, uendelee. Rudia zoezi baada ya siku tatu, na tena baada ya juma. Ni kazi inayochosha kuliko kusoma desa mara tatu na wala haifurahishi, na ninadhani hiyo ndiyo sababu watu huikimbia.

Nne, maabara, ambako alama nyingi za muhula hupatikana kwa urahisi na hupotezwa kwa urahisi vilevile. Mtu anaingia maabara bila kusoma karatasi ya maelekezo, anafuata anachofanya jirani, anaondoka na namba asizojua zilipimwa kwa nini. Kwenye zoezi la osmosisi tunatumia viazi mviringo, ambavyo huku havina shida kupatikana. Unakata vipande, unavipima uzito, unavitumbukiza kwenye maji ya sukari yenye ukolevu tofauti, unavitoa na kuvipima tena. Makosa ni yaleyale kila mwaka. Kipande kimoja kinafutwa kwa karatasi kabla ya kupimwa, kingine kinapimwa kikidondosha maji, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuharibu jedwali. Mwanafunzi anaandika badiliko la gramu badala ya asilimia ya uzito wa mwanzo, na kwa kuwa vipande havikulingana, namba zake hazilinganishiki. Kisha kwenye sehemu ya matokeo anaandika kwamba kiazi kilinyonya maji. Hilo si tokeo. Tokeo ni kwamba uzito uliongezeka. Maji kuingia ni tafsiri yako, na mahali pake ni kwenye mjadala. Grafu ikichorwa vizuri, pale mstari unapokata sifuri ndipo ukolevu wa nje unapolingana na wa ndani ya kiazi, na hiyo sentensi moja ndiyo iliyowekewa alama nyingi.

Hadubini nayo. Anza na lenzi ndogo siku zote, na ukifika kwenye lenzi ya 40 usiguse tena kirekebishi kikubwa, ile skrubu kubwa ya kulenga picha. Kila mwaka kuna anayeniita kwa furaha kunionyesha seli nzuri kabisa ya kitunguu, na nikiinama naona kiputo cha hewa: duara kamili, ukingo mweusi mnene, ndani hamna kitu. Seli ya kitunguu ni ndefu, yenye pembe, imepangwa na wenzake kama matofali ukutani, na ukiwa umeweka iodini utakiona kiini kikiwa kimesukumwa pembeni. Chora seli tatu au nne kwa ukubwa, kwa penseli iliyochongwa, bila kivuli, mistari ya majina ikinyooshwa kwa rula na isikatane. Usichore seli sitini ndogondogo. Na usiandike kwamba mchoro wako umekuzwa mara 400 kwa kuwa lenzi ya jicho ni 10 na ya chini ni 40. Hiyo ni ya hadubini. Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro wako kwa rula kugawanywa kwa urefu halisi wa kitu.

Kuhusu diskasheni za vikundi sina mengi. Kikundi cha watu wanne kinachokaa madaftari yakiwa yamefungwa, mmoja akieleza ubaoni na wengine wakimsaili, kinafaa sana. Kikundi cha watu kumi na wawili ambamo mmoja anasoma desa kwa sauti na wengine wanaitikia ni mapumziko, na hakuna ubaya kupumzika mradi usikiandike kwenye ratiba kama kusoma. Elezaneni kwa Kiswahili kwanza ili mjue kama mmeelewa, kisha kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza peke yake, maana mtihani utakuwa kwa Kiingereza na kuandika hakujifunzwi kwa kusikiliza.

Ninakaribisha maswali.

Mchangiaji (mwanafunzi mtarajiwa, Vwawa):
Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nimesoma CBG na biolojia nilipata D, na nimepangiwa chuo Iringa. Wenzangu wa PCB wananiambia kwamba bila fizikia nitateseka. Je, nianze kusoma nini kabla ya kuripoti?

Mleta uzi:
Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Fizikia unayoihitaji mwaka wa kwanza ni kidogo: kuelewa shinikizo, nishati na mwanga unavyopinda kwenye lenzi, na hayo utayapata kwenye vitabu vya kidato cha kwanza hadi cha nne. Kinachowaumiza wengi, wa PCB wakiwemo, ni kemia. Rudia bondi za kemikali, hasa bondi za hidrojeni, asidi na besi pamoja na kipimo cha pH, na maana ya kupoteza na kupokea elektroni. Mtu asiyejua kwa nini maji ni molekuli yenye ncha mbili hawezi kueleza kwa nini utando wa seli umejipanga ulivyojipanga, atakariri tu. Na rudia hesabu ndogo: asilimia, uwiano, kubadili milimita kuwa mikromita. D yako haitaulizwa na mtu baada ya jaribio la kwanza.

Mchangiaji (mhitimu, Mbeya mjini):
Mleta uzi, heshima yako. Umeandika vizuri, lakini tuwe wakweli. Sisi tulimaliza kwa madesa tuliyotoa fotokopi steshenari, na maswali ya mitihani yalikuwa yakijirudia. Aliyekuwa na karatasi za miaka ya nyuma alifaulu, aliyesoma vitabu vikubwa alirudi na sapu. Kwa nini uwatishe vijana?

Mleta uzi:
Mkuu, sipingi kwamba ilitokea, na ninajua vyumba ambako bado inatokea. Karatasi za miaka ya nyuma ni nyenzo bora kabisa, na kama ungeniuliza niondoe kila kitu nibakize kimoja ningebakiza hizo. Ila kuna namna mbili za kuzitumia. Ya kwanza ni kukaa na karatasi kwa muda uleule wa mtihani, ukajibu bila kuangalia, kisha ukasahihisha kwa kitabu. Ya pili ni kutafuta majibu yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine na kuyakariri. Ya kwanza ndiyo ninayoisema kwenye uzi mzima. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusoma kwa kutazama utafiti uliokuwapo, na mbili ndizo zilizopewa daraja la juu: kujipima, na kuyatawanya masomo kwa siku mbalimbali. Kurudia kusoma na kupiga mistari kuliwekwa daraja la chini. Hao waliofaulu kwa karatasi za zamani, wengi wao walikuwa wakijipima pasipo kuliita jina hilo. Kuhusu desa, shida yangu kubwa ni umri wake: lina ATP 38 na falme tano, limetolewa nakala mpaka mchoro wa kloroplasti umekuwa doa jeusi, na anayelinunua hajui nani aliliandika.

Mchangiaji (mzazi, Makambako):
Mwalimu, mimi ni mama wa kijana anayeanza mwaka huu. Ananiomba fedha za kitabu ambacho bei yake ni kubwa kuliko kodi yangu ya duka kwa mwezi. Ninataka kumsaidia lakini nina wadogo zake pia. Je, ni lazima?

Mleta uzi:
Hapana, mama, si lazima akinunue, na ninashukuru umeuliza hadharani kwa kuwa wazazi wengi wanaumia kimyakimya. Vitabu vikubwa vya biolojia vina kurasa zaidi ya elfu moja, na kwa muhula mmoja atahitaji sura chache. Maktaba za vyuo huwa na nakala, baadhi zikiwa za kusomea humohumo ndani, na toleo la miaka michache iliyopita linatosha kwa sehemu kubwa ya mada za mwaka wa kwanza. Kama kuna fedha kidogo, bora ziende kwenye koti la maabara, penseli nzuri, rula, daftari la kuchorea na koti zito la baridi, maana Juni na Julai huku anayetoka joto hushindwa kukaa mezani usiku akaingia kitandani na daftari, na akishaingia amelala. Mwambie pia asinunue kitu chochote kabla ya kupewa muhtasari wa kozi juma la kwanza.

Mchangiaji (mwaka wa pili, Iringa):
Mwalimu, mimi nina sapu ya kozi hiyo na tunaanza muhula mpya karibuni. Nilibaki nyuma kuanzia juma la nne na sikuweza kuwafikia wenzangu tena. Anayebaki nyuma katikati ya muhula afanyeje?

Mleta uzi:
Pole sana ndugu yangu. Kosa la kawaida kwa aliyebaki nyuma ni kurudi juma la kwanza na kuanza upya kwa mpangilio, huku mihadhara ikiendelea kumkimbia. Kwa namna hiyo hakai sawa na darasa hata siku moja, kwani kila anachokisikia ukumbini ni kigeni. Anza na mada ya juma hili. Isome kabla ya mhadhara, hata kwa nusu saa, ili ukumbini uwe unasikia mara ya pili. Yale ya nyuma yapangie mwisho wa juma, mada moja kila Jumamosi, ukianza na zile ambazo mada zijazo zinazitegemea: utando wa seli kabla ya mfumo wa neva, meiosisi kabla ya jenetiki. Makundi ya mimea na wanyama yanaweza kusubiri kwa kuwa hayabebi mada nyingine.

Kwa sapu yenyewe, omba kuiona karatasi yako kama utaratibu wa idara unaruhusu, au angalau mfuate mhadhiri saa zake za ofisi ukiwa na maswali uliyoyaandika. Usiende kumwambia kwamba hujaelewa kitu. Nenda na karatasi yako ya meiosisi ikiwa na alama pale ulipokwama, umwonyeshe mahali penyewe. Atakachokueleza kiandike ukishatoka nje ya mlango, bila kukinakili mbele yake. Mitihani ya nyuma iulize maktaba au kwa mwakilishi wa darasa, na ujipangie kufanya mmoja kila juma kuanzia sasa, wa kwanza ukiwa huu wa Jumamosi ijayo, hata kama utapata alama za aibu.